Ambilansi iko, lakini nani anaondoka na mtoto?

Bukavu, Novemba 2024

Vijana wenzetu, wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na ninyi wa Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi mnaotufuata kwa simu,

Leo tunaandika juu ya swali ambalo hapa kwetu halina mwenyewe. Mtoto amezaliwa usiku kwenye kituo cha afya. Hapumui vizuri, au ni mdogo sana, na kituo hakina oksijeni wala kuveze. Lazima apelekwe kwenye hospitali kubwa. Ni nani anaondoka naye? Muuguzi wa kituo? Watu wa hospitali inayompokea, waje kumchukua? Shofere peke yake? Au shangazi yake juu ya pikipiki, mtoto amefungwa ndani ya kikwembe?

Kwa miezi kadhaa tumeuliza swali hili kwa wauguzi, kwa mama wazalishaji, kwa shofere wa ambilansi, kwa wazazi. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, lakini karibu majibu yote yanaangukia fasi moja: anaondoka yule anayepatikana. Mwenye ufunguo wa gari, mwenye mazutu, mwenye unite kwenye simu. Hali ya mtoto inaangaliwa mwisho kabisa. Sisi tunasema hiyo haiwezi kuendelea, na tunasema pia tunataka nini mahali pake.

Wengine watauliza vijana wanaingia namna gani katika mambo ya waganga. Wametuzoea kwa maji, umeme, barabara na kodi. Lakini watu wanaozaa katika mji huu ni sisi. Wanaoendesha pikipiki saa nane ya usiku ni sisi. Na yule anayetumwa kugonga mlango wa jirani kuomba dola ishirini huku mtoto anageuka bluu, mara nyingi ni kijana wa nyumba. Kwa hiyo tunaingia.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alipata mtoto wa kilo moja na gramu 600, wiki nyingi mbele ya wakati. Jina la kituo tunaliacha, na majina ya hospitali pia, kwa sababu tatizo si la nyumba moja. Usiku ule kwenye kituo kulikuwa mama mzalishaji mmoja na mlinzi, na wanawake wengine wawili walikuwa kwenye uchungu. Mama mzalishaji alipiga simu ya kwanza. Wakamjibu: "Ambilansi iko, lakini mazutu haiko." Ya pili ikasema gari lao ni la wagonjwa wao, "mumulete ninyi wenyewe." Ya tatu ikauliza kwanza nani atalipa pesa ya kuanzia. Simu hizo tatu zilikula zaidi ya nusu saa, kwa unite yake mwenyewe, kutoka mshahara ambao ninyi mnajua unakuja lini.

Baadaye teksi ilipatikana. Hapo mama yule alikuwa na chaguo ambalo hakuna mtu anapaswa kupewa: aondoke na mtoto aache wanawake wawili wanazaa peke yao, au abaki na mtoto aende bila mtu anayejua kazi. Alibaki. Hatumlaumu hata kidogo. Mtoto aliondoka mikononi mwa bibi yake. Hospitali ya kwanza waliyofikia ilisema fasi imejaa, wakageuza. Kwenye kizuizi cha askari wakasimamishwa wajieleze. Walipofika mwishowe, muuguzi aliyempokea alisema neno moja ambalo baba hajalisahau: "Ni baridi." Mtoto alikufa siku ya tatu. Waganga walisema wazi hawawezi kujua kama angepona hata angesafirishwa vizuri, na sisi hatutasema zaidi ya walivyosema. Tunasema tu kwamba alifika katika hali mbaya kuliko aliyoondoka nayo, na kwamba njia ile ilikuwa ya dakika ishirini.

Tuliketi na wauguzi wanaolea watoto wachanga watueleze, na tunataka kila mmoja wenu aelewe pia, maana bila hiyo mtaendelea kufikiri shida ni gari tu. Njiani mtoto mchanga mgonjwa anawindwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni baridi. Joto la mwili wake linatakiwa kukaa kati ya digrii 36,5 na 37,5. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi, na kama bado ana maji ya uzazi kichwani anapoteza joto haraka kama chai iliyomwagwa kwenye sahani. Bukavu yetu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na usiku wa mvua mnaujua wenyewe. Cha pili ni sukari ya damu: akiba yake ni ndogo, na mwili unaopigana na baridi unaimaliza upesi, ndipo mtoto anaanza kulegea au kutetemeka. Cha tatu ni pumzi. Aliyezaliwa mbele ya wakati anaweza kusahau kupumua, sekunde ishirini, zaidi. Mtu anayejua anamsugua mgongo, anamweka shingo sawa, anampa hewa kwa ambu yenye kinyago kidogo. Mtu asiyejua anafikiri mtoto amelala.

Vitu hivi vitatu vinavutana. Baridi inakula sukari, sukari ikiisha pumzi inadhoofika. Shofere hawezi kuvizuia huku anashika usukani. Bibi hawezi. Muuguzi ambaye hajawahi kushika ambu ya mtoto hawezi pia, hata koti lake likiwa jeupe namna gani. Ambilansi yenye shofere peke yake ni teksi yenye sirene.

Na hapa tuwaseme kidogo wakubwa wetu. Wanapenda gari. Kila wakati wa kampeni tunaona Land Cruiser jeupe, limepambwa maua, hotuba, picha, jina la mtoaji kwenye mlango kwa herufi kubwa kuliko neno ambilansi. Hatujaona hata siku moja mtu anakata utepe kwa ajili ya wauguzi wawili wa zamu ya usiku. Gari linaonekana kwenye picha, zamu haionekani. Miaka miwili baadaye gari liko pane nyuma ya hospitali, kuku wanataga chini yake, na hakuna aliyewahi kuandika kwenye karatasi nani anatakiwa kupanda ndani.

Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika Congo yetu, kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa hai, 28 wanakufa mbele ya kumaliza mwezi mmoja. Duniani, mwaka 2022, Umoja wa Mataifa ulihesabu watoto milioni 2,3 waliokufa katika mwezi wao wa kwanza. Wengi wa hao hawakuhitaji mashine za ajabu. Walihitaji joto, pumzi, maziwa, dawa ya ambukizo, na mtu anayejua kuwatazama.

Sasa turudi kwenye swali: nani?

Jibu linalosikika sana ni kwamba aende muuguzi wa kituo kinachotuma. Lina uzuri wake. Yeye ndiye aliona mtoto akizaliwa, anajua mama alikuwa na homa au hapana, anajua saa ngapi maji yalivunjika. Na anaweza kuondoka sasa hivi bila kungoja mtu. Lakini mmeona yaliyompata mama mzalishaji wetu. Kwenye vituo vingi usiku kuko mtu mmoja. Akienda, kituo kimefungwa. Akifika hospitali, anaachwa kwenye mlango wa dharura na karatasi mkononi, na kurudi kwake ni shauri yake: kwa miguu, au kwa pikipiki anayolipa mwenyewe. Wauguzi wawili walituambia kila mmoja kivyake kwamba wamekwisha kulala kwenye benchi la hospitali wakingoja kupambazuke.

Jibu la pili ni kinyume: hospitali inayopokea itume watu wake wamchukue mtoto pale alipo. Nchi kama Uingereza zinafanya karibu hivyo, zina vikosi vya kazi hiyo tu, vyenye kuveze ya safari na mashine ya kupumulisha, na mtoto habebwi mpaka wafike na kumtuliza. Sisi hatuombi mashine ya Uingereza. Tunapenda wazo lililo ndani yake: ujuzi unamfuata mtoto, mtoto hatupwi barabarani kuufuata.

Tunajua watu watasema nini. Watasema kwenda na kurudi ni mara mbili ya wakati. Kweli, kwa hesabu ya saa. Lakini yule mtoto wa gramu 1600 alingoja zaidi ya nusu saa kwa simu, akageuzwa mlango wa kwanza, akasimamishwa na askari. Wakati ulipotea hata hivyo, na ulipotea bila mtu kumfanyia kitu. Kama timu ingekuwa njiani kuja, kituo kingetumia dakika zile kumkausha, kumfunika kichwa, kumweka kifuani kwa mama, kumpa maziwa ya kwanza au sukari kama muganga wa upande mwingine wa simu anavyoelekeza. Usiku barabara za Bukavu ziko wazi. Mchana ni habari nyingine: mkiangalia foleni ya magari ya Nyawera mnajua kwamba sirene haifungui barabara isiyokuwa na pembeni.

Pingamizi nzito kuliko hiyo ilitoka kwa muganga mmoja wa watoto, na hatukupata jibu rahisi. Alituambia: "Mimi usiku niko na muuguzi mmoja na watoto kumi na nne. Nikimtuma Panzi kuchukua wa kumi na tano, nani anaangalia hawa kumi na nne?" Ana haki. Mtu asiyejibu swali hilo asituletee mpango. Jibu letu ni kwamba lazima kuwe na muuguzi wa pili anayeitwa kutoka nyumbani, anayekaa karibu na hospitali, anayelipwa kwa usiku aliongojea hata kama simu haikulia. Bila hiyo, kusema "hospitali inayopokea itume timu" ni maneno tu, na ni kuwaibia watoto walio ndani kuwapa walio nje.

Kuna wanaotaka kikosi kimoja cha mji mzima, kilicho peke yake, si cha hospitali yoyote. Kwenye karatasi ndicho kizuri kuliko vyote. Lakini sisi ni watoto wa Kivu, tumezaliwa na kukulia ndani ya proje. Mfadhili anakuja, magari yanapakwa rangi, watu wanapewa makoti, na siku mkataba unaisha kila kitu kinarudi kwenye kontena. Kikosi kisichoingia kwenye bajeti ya mkoa tunakiogopa zaidi ya kutokuwa nacho, maana watu watasahau hata namba walizokuwa wakipiga zamani. Siku leta italipa wauguzi wake kila mwezi bila kukosa, tutakizungumzia tena.

Msimamo wetu basi ni huu. Uamuzi wa nani anaondoka na mtoto usifanywe na mwenye gari, wala na mwenye pesa, wala na mama mzalishaji aliyeachwa peke yake. Ufanywe na muganga au muuguzi mkubwa wa zamu katika chumba cha watoto wachanga cha hospitali inayopokea, akiongea kwa simu na aliye karibu na mtoto, kwa namba moja tu inayojulikana na vituo vyote vya mji. Anauliza mambo machache: uzito, joto, anapumua mara ngapi, rangi, amekula au hapana, mama yukoje. Kisha anasema. Mtoto asiyeweza kupumua bila msaada, au anayepata degedege, anafuatwa na timu ya hospitali. Mtoto mgonjwa lakini anayepumua mwenyewe anaweza kusindikizwa na muuguzi wa kituo, kwa sharti kwamba kituo hakibaki tupu na muuguzi anarudishwa na gari lile lile. Na mtoto mdogo asiye na shida nyingine, anayenyonya au kumeza, anasafiri kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, muuguzi pembeni.

Msicheke hiyo ya kifuani mkifikiri ni dawa ya maskini. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye hospitali iliyokosa kuveze za kutosha. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, ulifuata watoto wa gramu 1000 hadi 1799. Walioanza kukaa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 kwa 100 katika siku 28. Waliongojea mpaka hali itulie, karibu 16 kwa 100. Uchunguzi ule ulikuwa ndani ya hospitali, si ndani ya gari, tuseme ukweli. Lakini baridi ni ile ile, na kifua cha mama hakihitaji umeme wa SNEL.

Hapo pia tunagusa kitu kinachotuumiza. Mara nyingi mtoto anaondoka na mama anabaki, bado anatoka damu, hajui mtoto amepelekwa hospitali gani. Tumesikia mama aliyezunguka hospitali mbili asubuhi akiuliza kama kuna mtoto wake. Ikiwezekana kwa afya yake, mama asafiri. Asipoweza, aambiwe jina la hospitali, jina la muuguzi aliyempokea na namba ya simu, na karatasi ya transferi iwe na jina la mama kwa herufi zinazosomeka. Ni kazi ya dakika mbili, bila mfadhili yeyote.

Na kitu kingine ambacho waganga walirudia mpaka tukachoka kukisikia: safari nzuri kuliko zote ni ile mtoto anayosafiri akiwa bado tumboni. Mama aliyeanza uchungu wiki nyingi mbele ya wakati, mama wa mapacha mwenye presha, huyo aondoke kituoni mapema, mbele ya kuzaa, kama bado kuko wakati. Familia zinasita kwa sababu ya fakitire ya hospitali kubwa. Tunawaelewa. Ndiyo maana mambo ya pesa hayawezi kutenganishwa na mambo ya nani anaondoka.

Tuongee basi pesa. Kutoka kituo hadi hospitali na kurudi, ndani ya mji, mara nyingi ni chini ya kilomita 20. Land Cruiser inakula hapo lita tatu hivi za mazutu. Lita tatu! Mtoto anakosa gari kwa lita tatu katika mkoa ambao kila siku unapitisha dhahabu na kasiteriti. Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Septemba 2023 Rais wa Jamhuri alizindua Kinshasa mpango wa uzazi bila malipo, na katika ahadi ile mtoto mchanga yumo mpaka siku 28. Kwa akili yetu ya kawaida, mtoto ambaye matunzo yake ni bure hawezi kulipishwa barabara inayompeleka kwenye matunzo hayo. Mazutu, usiku wa muuguzi anayengoja simu, na pikipiki ya kumrudisha muuguzi wa kituo viingie ndani ya mpango huo, kwa mstari wenye jina lake.

Kuna jambo ambalo watu wa afya wanaliongea kwa sauti ya chini, sisi tuliongee kwa sauti ya kawaida. Hospitali zetu nyingi zinaendeshwa na makanisa, nyingine ni za leta, nyingine za watu binafsi. Kila nyumba ina gari lake, fedha zake, na wivu wake. Mgonjwa wa mtandao wetu, mgonjwa wa mtandao wao. Tunaheshimu kazi ya makanisa, bila wao sehemu kubwa ya Kivu ya Kusini isingekuwa na hospitali. Lakini mtoto wa saa mbili hana dini bado. Mwenye kazi ya kuwaketisha wote kwenye meza moja ni Divisheni ya Afya ya Mkoa, DPS. Mkoa wetu una zone za afya 34. DPS ndiyo inaziangalia zote, na ndiyo inaweza kuandika maandishi yanayofunga kila hospitali, iwe ya askofu, ya mchungaji au ya leta.

Ndani ya maandishi hayo kuna sheria moja tunayoiona kubwa kuliko nyingine zote. Hospitali ikipigiwa simu na haina fasi, isiseme "mutafute kwingine" na kukata. Ni yenyewe itafute. Muganga wa zamu apige kwa mwenzake wa hospitali nyingine, wakubaliane, kisha amwambie mama mzalishaji: mtoto anaenda pale, fulani anamngoja. Mama mzalishaji apige simu moja tu usiku. Sheria hii haihitaji gari jipya wala lita moja ya mazutu. Inahitaji watu wakubali kwamba tangu simu ilipolia, mtoto ni wao. Wanaotuambia kila kitu ni ukosefu wa pesa waanzie hapo, tuwaone.

Kwa Walungu na Kalehe hatusemi timu itoke Bukavu mpaka kule kila usiku, huo ungekuwa uongo. Hospitali kuu ya zone ndiyo imtulize mtoto kwanza, kisha watu wa pande mbili wakutane njiani ikiwezekana, kwa mfano Katana kwa wale wa barabara ya Kalehe, pale palipo hospitali na mwanga. Kwa Idjwi ni ziwa, na boti usiku ni hatari kwa wote. Huko jibu la kweli ni kufundisha na kupatia vifaa walio kisiwani, ili mtoto aweze kungoja asubuhi akiwa hai. Vijana wa Idjwi wakiwa na mawazo mengine tunawasikiliza, wanajua maji yao.

Neno kwa wakubwa wa jeshi na polisi pia. Ambilansi, au gari lolote lenye muuguzi na karatasi ya transferi, lisisimamishwe kwenye kizuizi kwa sababu ya elfu mbili ya franga. Askari naye anazaa.

Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi tunakutana Place de l'Indépendance, tunashuka kwa miguu, bila vurugu na bila bango la chama chochote, mpaka DPS. Tunaweka barua yenye msimamo huu, nakala kwa gavana na kwa kamisheni ya afya ya bunge la mkoa. Tunaomba kikao cha hospitali zote zenye chumba cha watoto wachanga ndani ya siku 30, namba moja ya simu, na maandishi juu ya nani anaondoka na mtoto. Wasipojibu tunarudi na mikeka yetu, tunakaa mbele ya mlango.

Mbele ya Jumatatu tunawaomba kitu kimoja. Wauguzi, mama wazalishaji na shofere, mtuandikie: usiku ule mlipiga simu ngapi, nani alikataa, nani alikuja. Majina yenu tunayaficha, ya hospitali pia. Wazazi, mje na karatasi za transferi kama bado mnazo, hata zile zilizoloana. Tutazipiga picha palepale na kuwarudishia.